Daktari wa Mioyo Midogo

Daktari alikuwa akiwasalimu watoto wachanga kabla ya mama zao. Mama angeingia na leso begani na mtoto kifuani, naye Daktari angeinama mpaka uso wake uwe sawa na uso wa mtoto, kisha aseme kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani njiani, "Mulembe. Habari ya kazi?" Halafu angenyamaza akingoja jibu. Kina mama wengine walicheka. Wengine walidhani huyu mama mzee ameanza kupotewa. Yeye hakujieleza. Mimi ndiye niliyemwuliza siku moja kwa nini anamwuliza mtoto wa juzi habari ya kazi, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa viatu.

"Moyo wake unafanya kazi tangu akiwa tumboni, na haujawahi kupewa likizo," alisema. "Wewe umeamka saa tatu na watu wanakuuliza habari ya kazi. Yeye asiulizwe?"

Niseme mapema kwamba mimi si daktari, wala sijasomea kitu kinachokaribia udaktari. Nina kibanda pale Lurambi, Kakamega, na ndani ya kibanda nina kompyuta kuukuu na printa ya kuchapa vitu. Si karatasi, vitu. Mashine huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama mezani. Kazi hiyo nilijifunza mwenyewe kwa video za mtandaoni. Bando likiisha nilingoja, likirudi niliendelea. Nilikuwa nikichapa meno ya blenda, vifuniko vya rimoti na vibao vya majina ya milangoni. Tena mimi ni mtu wa wasiwasi, na sioni haja ya kuficha. Nikifunga kibanda huvuta kufuli, nikafika barabarani, nikarudi kulivuta tena. Niliwahi kumfuata mteja hadi sokoni nikamwomba anirudishie kifuniko cha rimoti alichokuwa amekipokea kwa furaha, kwa sababu nilikumbuka kwamba kona yake moja haikukaa sawa. Hata aya hii nimeifuta na kuiandika upya mpaka nimeichukia. Ninayataja haya kwa sababu Daktari hakuwahi kuniambia niache wasiwasi, jambo ambalo kila mtu mwingine huniambia. Aliuchukua wasiwasi wangu akaupa kazi.

Tulijuana kwa sababu ya chai. Alikuja kibandani na chupa ya chai iliyopoteza kifuniko, akitaka nimchapie kingine. Chai yake ilikuwa ya maziwa mengi, nzito, na alitembea nayo kila mahali. Nikachapa kifuniko, nikakikagua kwa lenzi, nikakikwangua kwa wembe, nikakikagua tena, yeye akiniangalia bila kusema lolote, jambo ambalo baadaye nilikuja kujua kwamba ni nadra.

"Unaweza kuchapa moyo?" aliuliza.

"Wa kuning'iniza kwenye funguo?" Nilikuwa nimechapa mingi ya aina hiyo, hasa mwezi wa Februari.

"Wa mtoto. Na ugonjwa wake ndani."

Mtoto huyo alikuwa Nekesa, wa kule Navakholo, ambaye wakati huo hakuwa ameota hata jino. Nyumba yao imezungukwa na miwa pande zote, na nyumbani walikuwa wamemwambia mama yake kwamba mtoto ana baridi tu. Lakini Nekesa akinyonya alitoka jasho kwenye paji la uso kama mtu anayelima. Aliacha ziwa kabla ya kushiba, na akilia, midomo yake iligeuka rangi ya zambarau. Mama Nekesa alimpeleka kwenye kliniki ambapo Daktari alikuwa akifika siku za soko. Daktari alimpaka mtoto mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kile kifaa kidogo cha kupigia picha za moyo ambacho huunganishwa na simu, na mama akauona moyo wa mwanawe ukicheza kwenye kioo cha simu. Daktari hakuweza kuchora. Moyo aliouchora ulifanana na kiazi kitamu. Kwa hiyo akaeleza kwa mdomo.

"Moyo ni nyumba," alisema. "Ina vyumba viwili vya kusukuma damu, kulia na kushoto, na kila chumba kina mlango wake wa kutokea. Ya Nekesa, milango yote miwili imejengwa chumba cha kulia. Na ukuta wa katikati una tundu."

Mama Nekesa alifikiri kidogo. Anafikiri kabla ya kusema, sifa ambayo mimi na Daktari hatukuwa nayo. "Sasa nyumba ikijengwa hivyo, si inabomolewanga?"

"Hii haibomolewi. Hilo tundu ndilo litatusaidia. Mpasuaji anaweza kupitisha korido ndani, kutoka kwenye tundu mpaka kwenye mlango, damu ya kushoto ipate njia yake."

"Na kama korido haina nafasi?"

Hilo ndilo swali ambalo wapasuaji wenyewe, kule Nairobi, hawakuwa wamekubaliana jibu lake. Walikuwa wameziangalia picha za skani ya kifua aliyopigwa mtoto, wengine wakasema nafasi ipo, wengine wakasema haipo. Ikiwepo, Nekesa angekuwa na moyo wenye vyumba viwili vinavyosukuma, kama wako na wangu. Isipokuwepo, angefanyiwa upasuaji mmoja baada ya mwingine ili aishi na chumba kimoja tu, akue, ndiyo, lakini pumzi yake iwe fupi maisha yote. Na wakikosea, wakaanza korido mahali pasipo na nafasi, wangeligundua hilo kifua kikiwa wazi. Zamani, Daktari aliniambia, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mpasuaji alikutana na moyo wa namna hii kwa mara ya kwanza mezani, saa ikimkimbiza. Siku hizi anaweza kuushika kwanza mkononi, wa plastiki, wa kipimo kilekile, aukate kwa mkasi, akosee, achukue mwingine.

"Nataka wakosee kwako," alisema, "wasikosee kwa Nekesa."

Mama Nekesa alikubali nipewe picha za skani, nami nikakubali kazi kabla sijajua kama ninaiweza. Naogopa mpaka leo nikikumbuka nilivyokubali haraka.

Wakati huo Daktari alikuwa amestaafu kutoka hospitali kubwa alikotibu mioyo ya watoto miaka mingi, ila kustaafu kwake kulikuwa kubadilisha barabara tu. Leo ungemkuta kliniki upande wa Mukumu, kesho Navakholo, keshokutwa mahali ambapo barabara ya murram inaishia kwenye matope. Gari lake lilikuwa dogo na la zamani, na aliliendesha polepole kiasi kwamba boda boda iliyobeba kitanda na godoro ingempita na abiria akiwa amekaa juu ya godoro. Ulimi wake ndio uliokuwa na mwendo. Angeweza kumaliza habari ya mgonjwa, ya kanisa na ya bei ya mbolea kabla hatujafika kona.

Mkobani alikuwa na peremende, miwani ya akiba, na kile kitaa kidogo chekundu kinachobanwa kwenye kidole kupima hewa iliyomo kwenye damu. Hakuweza kupita karibu na mtoto mchanga bila kumwomba mguu. "Nipe mguu," angemwambia mama asiyemjua, kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye foleni ya supamaketi, na kabla mama hajauliza ni nani huyu, kitaa kilikuwa tayari kinawaka kwenye kidole gumba cha mtoto. Ibada moja nilikaa naye. Mtoto wa benchi la mbele alitoa mguu nje ya shali, na katikati ya mahubiri nikaona Daktari ameinama. Bibi wa mtoto aligeuka akakuta mguu wa mjukuu wake unawaka.

"Ni nini hiyo?"

"Tulia, Kukhu. Ako sawa. Sikiliza padre."

Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto mwenye moyo mbaya anaweza kuzaliwa akionekana mzima, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na ugonjwa ukajitokeza akiwa mbali na msaada, kwenye miwa. Kitaa kingeweza kumjulisha mtu mapema. Alitaka mtoto yeyote asivuke mlango wa wodi ya wazazi kabla ya kidole chake kuwaka. Aliisema hoja hiyo kwa wakubwa, kwa wauguzi, kwa wauza mboga. Wauza mboga ndio waliomsikiliza kwa subira zaidi, naye akasema hata hao wana wajukuu.

Kliniki yake ilikuwa na sheria moja. Mtu yeyote asimwambie mama pole kabla mtoto hajapimwa. Muuguzi mgeni aliwahi kujisahau, akasema pole kwa sauti ya huruma kabisa, na Daktari akamtoa nje akamtuma chai. "Pole ni ya msiba," alisema. "Hapa hakuna msiba, kuna kazi." Lakini mtu huyohuyo niliyemwona akizuia machozi ya wengine alilia kwenye kila harusi aliyohudhuria, kuanzia maharusi walipoingia mpaka keki ilipokatwa, na hakuona kwamba kuna kitu cha kueleza.

Alikuwa hivyo. Aliwahubiria wazee kuhusu chumvi, kisha akanyunyiza chumvi kwenye parachichi mbele yao. Alisema hapendi mashine, na alikuwa na mashine nyingi kuliko mimi. Na Jumamosi asubuhi usingempata kliniki, kwa sababu alikuwa upande wa Isukha kwenye mapigano ya mafahali. Mtu ambaye wiki nzima alitembea kwa vidole ili asimwamshe mtoto aliyelala, siku hiyo alikimbia nyuma ya ngoma za isukuti amevaa kofia ya majani, akimtukana fahali wa kijiji cha pili kwa majina ambayo sitayaandika. Nilimwuliza inakuwaje mtabibu wa mioyo afurahie wanyama wakipigana.

"Mimi siangaliangi pembe," alisema. "Naangalia mbavu. Yule atakayekimbia, mbavu zinakuambia mapema."

Sikujua kama ni sayansi au ni kisingizio. Nadhani hata yeye hakujua.

Sasa kazi yenyewe. Skani haikupi moyo. Inakupa picha nyingi nyembamba, kama mkate uliokatwa vipande, nawe unapaka rangi penye damu, kipande kwa kipande, halafu kompyuta inavishikanisha. Nilijifunza kwa video, nikarudia, nikajifunza tena. Moyo wa kwanza nilioupata kwenye kioo ulikuwa na vinundu na vitobo kama ukuta uliopigwa plasta na fundi mwenye haraka. Uliniudhi. Kuna mahali kwenye programu unapobonyeza na kila kitu kinalainika. Nikabonyeza. Ukapendeza. Nikabonyeza tena. Ulipotoka kwenye printa ulikuwa mdogo kuliko ndimu, laini, umegawanyika katikati ili mtu aweze kuufungua na kuangalia ndani, na nakiri kwamba niliuweka mezani nikauangalia kama mtu anayeangalia mtoto wake.

Nilimpelekea nyumbani. Nilimkuta akila obusuma na ingokho, ugali kwa kuku, akanawa mikono, akaupokea moyo, akaufungua, akaugeuza kuelekea dirishani. Akaufuata ukuta wa katikati kwa ncha ya kidole.

"Nani amemtibu huyu mtoto?" aliuliza.

"Sijaelewa, Daktari."

"Hapa chini kwenye ukuta kuna tundu la pili. Dogo. Nililiona mwenyewe kwenye simu, damu ikipita kama uzi. Kwako halipo. Umemponya bila kisu wala dawa ya usingizi. Ningekujua mapema nisingehangaika na watu wa Nairobi."

Nikaelewa nilichofanya. Tundu lile lilikuwa miongoni mwa vile vitobo nilivyovilainisha, nikidhani ni uchafu wa kazi yangu. Moyo ule ungefika mbele ya wapasuaji ukiwa mzuri na wa uongo. Wangepanga kuziba na kupitisha korido, na tundu ambalo halikuwa kwenye mpango lingebaki likivuja ndani ya mtoto. Nikaanza kuomba samahani. Mimi nikianza kuomba samahani huwa simalizi.

"Sitaki samahani, nataka ugonjwa," alinikatiza. "Nenda ukamrudishie mtoto ugonjwa wake wote. Usimwibie hata kidogo." Kisha akaona uso wangu, akapunguza sauti. "Sikiliza, fundi. Kasoro ya mtoto si kasoro ya kazi yako. Yako ikwangue. Yake iheshimu."

Halafu akanisogezea sahani, na juu ya obusuma akaweka firigisi. Anayetoka kwetu anajua firigisi ni ya mwenye boma, haigawiwi ovyo, na Daktari, ambaye alikuwa mwenye boma lake mwenyewe, alijulikana kwa kutompa mtu. Niliila nikiwa na aibu na fahari kwa wakati mmoja. Ilikuwa na chumvi nyingi.

Nilirudi kwenye vipande vya skani. Safari hii kila kitobo nilikifuatilia kwenye picha za mwanzo kabla ya kukigusa, nikamwuliza Daktari kwa simu kuhusu kila kimoja, naye akajibu kila kimoja. Wakati wa kuchapa ukafika siku moja kabla ya mkutano wa wapasuaji. Mama Nekesa alikuwa asafiri asubuhi yake na mtoto mgongoni na moyo mkobani.

Mchana mbingu ikafunga. Wanaoijua Kakamega wanajua mvua ya mchana inavyokuja, kwanza giza, kisha radi, kisha mawe ya barafu juu ya mabati mpaka husikii unachofikiri. Stima ikapotea. Moyo ulikuwa umefika nusu, na nusu haiunganiki na nusu nyingine. Ilibidi kuanza upya. Nikampigia Daktari kumwarifu kwamba yote yamekwisha. Sijui nilisema maneno gani hasa, lakini yeye alisikiliza akaniuliza jambo moja tu, kama kibanda changu kinafikika kwa gari.

Nilimwona akija kwa mbali, na niliendelea kumwona akija kwa muda mrefu. Kwenye buti alikuwa na kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya gari kuwa umeme wa nyumbani, ambacho alikibeba kwa ajili ya kliniki zisizo na stima. Tukapitisha waya dirishani. Akabaki kwenye usukani, injini ikiunguruma, mguu kwenye mafuta, dirisha limefunguliwa kidogo kwa ajili ya waya na maneno. Moyo wa Nekesa ukaanza tena kutoka chini.

Jirani yangu huuza mahindi ya kuchoma. Mvua ilipopungua alitoka akaliangalia gari lile lililokuwa likinguruma bila kwenda popote.

"Daktari, hiyo gari imekwama ama inaringa?"

"Iko safarini."

"Safari ya wapi na haitoki?"

"Nairobi," Daktari alisema, akaongeza mafuta.

Jirani akacheka mpaka akashika nguzo, kisha akamletea hindi, naye akalila palepale bila kuondoa mguu. Mimi nilikuwa ndani nimeinama juu ya printa. Ukuta wa katikati ulikuwa ukipanda tabaka kwa tabaka, na chini kabisa, mahali pa lile tundu dogo, mashine iliruka nafasi ndogo. Tabaka lililofuata ikairuka tena. Tundu lilikuwa likijengwa. Maisha yangu yote nimepigana na matundu ya namna hiyo, na sikumbuki kufurahia kitu kama nilivyolifurahia lile.

"Limetoka?" Daktari aliuliza kutoka garini.

"Linatoka."

"Usiliguse."

Jioni moyo ulikuwa tayari, na petroli ilikuwa karibu kuisha.

Wapasuaji waliukata kwa mkasi, kama alivyotaka. Walipitisha ndani yake kipande cha kitambaa kama korido, kikabana upande mmoja, wakabadilisha pembe, kikapita. Nafasi ilikuwepo, nyembamba lakini ipo. Na tundu dogo wangeliziba kwa kiraka kilichokatwa kutoka kwenye ngozi laini inayofunika moyo wa Nekesa mwenyewe, ili mwili wake usikione kama mgeni. Daktari alinieleza yote hayo kwa furaha. Siku ya upasuaji ikawekwa Jumamosi.

Jumamosi hiyo alinipitia asubuhi mapema tukaenda kwenye mafahali. Nilisema siwezi, nataka kukaa karibu na simu. Alisema kukaa karibu na simu hakuisaidii simu. Kwa hiyo nilisimama kwenye umande, katikati ya ngoma na vumbi la kwato, nikiwaza mtoto aliyelala mahali fulani kifua wazi, na mashine ikisukuma damu kwa niaba ya moyo wake. Daktari alipiga kelele kama kawaida. Alimtukana fahali. Lakini nilipomwangalia vizuri niliona simu mkononi mwake, ameishika juu chini, na fahali aliyekuwa akimtukana alikuwa wa upande wetu.

Simu ilipolia aliziba sikio la pili kwa kidole. "Sema tena," alisema. Akasikiliza. "Sema tena."

Alipomaliza akanishika mkono. "Wameutoa kwenye mashine. Vyumba vyote viwili vinasukuma. Lakini umevimba, kwa hiyo kifua hawajakifunga. Wamekifunika tu, wangoje uvimbe ushuke."

"Hiyo ni vizuri ama ni vibaya?"

"Ni leo," alisema. "Vizuri tutaiona kesho."

Kisha akaketi chini kwenye nyasi zenye umande, na gauni lake zuri, akaniomba maji. Alipokea chupa, akasahau kuifungua. Nilikuwa nimemjua muda wa kutosha kuamini kwamba yeye alizaliwa bila wasiwasi. Asubuhi ile niliona kwamba anao, pengine mkubwa kuliko wangu, ila wake umelelewa. Nilikaa kando yake na hakuna aliyesema pole.

Habari zilizofuata zilikuja kwa ujumbe wa simu. Daktari, aliyekuwa na maneno mengi mdomoni, aliandika kama mtu anayelipishwa kwa herufi. "Kifua kimefungwa." Baadaye, "Ananyonya." Baadaye tena, "Wamerudi Navakholo." Nilizisoma na kuzisoma. Lakini alikuwa ameniambia jambo lililonikaa kichwani. Korido ile hukaa ndani ya moyo unaokua. Inaweza kukua nao, na inaweza pia kusinyaa, na ikisinyaa mtoto huanza kuchoka tena, polepole, kama alivyokuwa akichoka mwanzo. Kwa hiyo sikuuliza. Niliendelea na kazi, nikachapa mioyo mingine ambayo Daktari na wenzake walinitumia, na kila mmoja niliumaliza nikijiuliza kama ule wa kwanza bado uko wazi. Mwenye akili timamu angepiga simu. Mimi nilipanga kupiga, nikaandika nitakachosema, nikakifuta.

Magoti yalimshinda Daktari. Akaacha kliniki, akaenda kukaa kwa dada yake Lugari, katikati ya mahindi, ambako niliambiwa anawapima ndama. Msimu ukapita, na mwingine. Kisha akanipigia. Alikuwa amewakabidhi wagonjwa wake wote kwa madaktari vijana isipokuwa mmoja, na huyo alitaka kumwona kwa macho yake. "Njoo Navakholo siku ya soko," alisema. "Na usivae viatu vya mjini."

Nilimkuta kwenye benchi nje ya kliniki, bakora kati ya magoti. Alikuwa amepungua mwili. Mikono tu ndiyo iliyobaki mikubwa.

"Umenenepa," aliniambia.

"Nakaa sana, Daktari."

"Naona. Mioyo inakulisha."

Mama Nekesa alifika akiwa amemshika mkono mtoto wa gauni la njano, mwenye shingo nyembamba na macho ya kukagua watu. Nilimtazama mtoto, nikamtafuta yule wa midomo ya zambarau, sikumpata. Mama yake aliona ninavyotazama. "Ndio huyu," alisema. "Huyu ako na maneno mingi. Anashindanga akitukana kuku."

Daktari alimpakata kwenye benchi, akapitisha kifaa kifuani, juu ya kovu lililonyooka kama mstari wa penseli, na moyo ukatokea kwenye kioo cha simu. Aliutazama kutoka pembe moja, akautazama kutoka nyingine. Nilishindwa kusoma kioo, na nilishindwa kuusoma uso wake.

"Korido iko namna gani?" niliuliza.

"Kioo kimesema yake," alisema, akifuta mafuta kifuani mwa mtoto. "Nataka kumsikia mwenyewe. Mweke chini."

Nekesa alipogusa ardhi alikimbia. Alipita mlango wa ua, akaacha kiatu kimoja, akaacha cha pili, akaingia kati ya magunia ya mahindi ya watu wa sokoni. Nilimfuata. Alipita chini ya meza ya muuza nyanya, mimi nikaizunguka. Aligeuka akaniona, akacheka, akaongeza mbio kuelekea tangi la maji, na gauni la njano likapotea upande wa pili. Mbavu zilikuwa zinaniuma. Nikapiga hatua ya kumkinga mbele.

"Usimshike," Daktari alisema kutoka kwenye benchi.

"Ataanguka, Daktari."

"Aanguke ainuke. Wewe njoo ukae. Nataka kuona anachokea wapi."

Nikarudi kwenye benchi nikihema. Mama Nekesa alikuwa amesimama na viatu vidogo mkononi. Mtoto alitokea upande wa pili wa tangi, akatupita mdomo wazi, wekundu wa ulimi wake ukionekana, akalizunguka tangi tena. Daktari aliegemea bakora, akasogea kunipa nafasi, nasi watatu tukakaa hapo tukingoja achoke.